Weka kalsiamu kwenye chombo chake: chakula cha kuku wa nyumbani wa rika zote

Katika nyumba nyingi za Uganda, kuanzia Tororo hadi Kasese, kuku hawafugwi kwa rika. Uani kuna jogoo mmoja, mitetea wanne au watano wanaotaga, mmoja anayeatamia, matembe wawili wanaokaribia yai la kwanza, na vifaranga wa wiki tano wanaomfuata mama yao. Asubuhi wote wanakimbilia chombo kimoja. Mwenye kuku anataka mayai, kwa hiyo amekwenda dukani na kurudi na gunia la chakula cha kuku wa mayai. Kwa kuwa gunia ni ghali, amelichanganya na pumba za mahindi nusu kwa nusu ili lifike mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo matatizo mawili yanapoanza kwa wakati mmoja. Vifaranga, matembe na jogoo wanakula kalsiamu ambayo miili yao haina kazi nayo, huku mitetea wanaotaga, ambao ndio waliokusudiwa, wakipata pungufu ya mahitaji yao kwa sababu ya zile pumba. Ushauri wangu kwa mfugaji wa namna hii ni mmoja, na nitaueleza kwa hesabu: wape kuku wote chakula cha msingi chenye kalsiamu ya takriban asilimia 1, halafu kalsiamu ya kutengeneza ganda iweke peke yake kwenye chombo chake. Mtetea anayetaga ataifuata mwenyewe. Asiyetaga atadonoa mara moja mbili na kuondoka.

Tuanze na yai lenyewe. Yai la gramu 60 lina ganda la gramu 5 na nusu hadi 6, na karibu ganda lote ni kalsiamu kaboneti. Kalsiamu yenyewe humo ni gramu 2 na kidogo. Yai la kienyeji la gramu 45 linahitaji pungufu ya hapo, kama gramu 1.6. Lakini kuku hanyonyi kila anachokula: katika kalsiamu inayopita tumboni, anachukua nusu au zaidi kidogo. Kwa hiyo mtetea wa kisasa anayetaga karibu kila siku anatakiwa ale gramu 4 za kalsiamu kwa siku. Akila gramu 110 za chakula chenye asilimia 4, anapata gramu 4.4, na hesabu inatimia. Changanya chakula hicho na pumba nusu kwa nusu, na zile gramu 110 zinabeba gramu 2.2 tu. Protini nayo inashuka, kutoka asilimia 16 hivi hadi 13. Mwili wa kuku utajitahidi kunyonya zaidi, lakini pengo hilo halizibiki kwa kunyonya. Atachota kwenye mifupa yake.

Anaweza kuchota kwa sababu ameumbiwa akiba. Wiki mbili hivi kabla ya yai la kwanza, homoni zinapoanza kufanya kazi, ndani ya mifupa ya miguu hujengeka tabaka laini la mfupa ambalo kazi yake ni kuhifadhi kalsiamu ya maganda. Ganda lenyewe hutengenezwa kwa muda wa saa 20 hivi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, wakati kuku yuko juu ya kijiti na hali chochote. Usiku huo kalsiamu inatoka sehemu mbili: kwenye firigisi, kama jioni alimeza vipande vikubwa vinavyoyeyuka polepole, au kwenye mifupa. Unga laini wa chokaa alioula asubuhi umeshapita zamani.

Kwa sababu hiyo ukubwa wa chembe una uzito sawa na kiasi. Vipande vya milimita 2 hadi 4, yaani kati ya punje ya mchele iliyovunjika na nusu ya punje ya mahindi, ndivyo vinavyokaa kwenye firigisi hadi usiku. Ukinunua unga laini mtupu, hata asilimia ikiwa sahihi, maganda hayatakuwa imara kama yale ya kuku aliyepata vipande. Ukichanganya mwenyewe, theluthi mbili ziwe vipande na theluthi moja iwe unga. Na saa nzuri ya kujaza chombo cha kalsiamu ni saa tisa au saa kumi alasiri, kabla kuku hawajapanda kulala.

Kwa wanaotaka viwango vya rika kwa rika: vifaranga hadi wiki 8 wanahitaji protini ya asilimia 18 hadi 20 na kalsiamu ya asilimia 1 hivi. Kuku wanaokua, wiki 8 hadi 16, protini ya 15 hadi 16 na kalsiamu ile ile ya 1. Kabla tu ya kutaga, kalsiamu ya 2 hadi 2.5. Wanaotaga, 3.5 hadi 4.2, pamoja na fosforasi inayonyonyeka ya asilimia 0.4 hivi. Umri huo wa wiki 16 ni wa kuku wa kisasa wa mayai. Mtetea wa kienyeji mara nyingi huanza kutaga akiwa na miezi 6 au 7, kwa hiyo usimhesabie wiki; mwangalie. Kilemba kinakuwa chekundu na kinene, anachuchumaa ukimkaribia, na ukipima ile mifupa miwili myembamba iliyo pande za tundu la kutagia, vidole viwili vinapita katikati yake. Hapo ndipo kalsiamu inapoanza kumhusu.

Kumpa mapema kuna hasara kubwa. Kifaranga au tembe aliyelishwa chakula chenye asilimia 4 kwa wiki kadhaa analazimika kuitoa ile ziada kwa njia ya figo. Figo zinavimba, mirija inaziba kwa mawe, na chumvi nyeupe za mkojo zinatanda juu ya moyo na ini kama unga wa chaki. Ukimpasua kuku aliyekufa hivyo, utaona weupe huo mara moja. Ubaya wake ni kwamba wengine hawafi wakati ule. Wanafika umri wa kutaga na figo mbovu, wanaanguka mmoja mmoja, na mwenyewe anatafuta ugonjwa usiokuwepo. Jogoo mzima huvumilia zaidi, lakini naye mahitaji yake hayafiki hata asilimia 1. Kumlisha chakula cha kutagia mwaka mzima ni kuzitwisha figo zake kazi ya bure.

Chakula cha msingi

Ukinunua kilicho tayari, chukua chakula cha kukuzia chenye protini isiyopungua asilimia 16, na usikiongezee pumba. Ukitaka kuchanganya mwenyewe, mchanganyiko huu wa kilo 100 unafaa kundi lenye rika zote, kuanzia vifaranga waliovuka wiki 4: mahindi yaliyoparazwa kilo 52, pumba za mahindi kilo 15.1, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 17, mashudu ya alizeti kilo 6, mukene (dagaa wakavu wa ziwani) kilo 7, makombe (maganda ya konokono na kome) yaliyosagwa kilo 1, unga wa mifupa kilo 1, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu kilo, chumvi gramu 300 na methionini (kijenzi cha protini) gramu 100. Protini inakuja kama asilimia 17, pungufu kidogo ya kiwango cha vifaranga, na kalsiamu karibu asilimia 1. Mwenye kuku wanaotaga tu, bila vifaranga wala matembe, apandishe makombe hadi kilo 9, ashushe mahindi hadi 48, pumba hadi 12.1 na soya hadi 16. Atapata protini ya asilimia 16 na kalsiamu ya asilimia 4.

Vitu vidogo vichanganywe kwanza. Chumvi, premiksi na methionini viingie kwenye kilo 2 za pumba, mchanganyiko huo uingie kwenye kilo 10, kisha ndipo umwage kwenye rundo kubwa na kuligeuza kwa koleo mara tatu au nne. Ukimwaga premiksi moja kwa moja juu ya kilo 100, kuku mmoja atakula vitamini za wiki nzima na mwingine hatapata kitu.

Mukene ndiyo sehemu inayodanganya watu zaidi. Ile iliyoanikwa kwenye nyavu zilizoinuliwa ni safi. Ile iliyoanikwa chini kwenye mwalo inakuja na mchanga wake, na mchanga unauzwa kwa bei ya samaki. Chukua nusu kilo, itie kwenye ndoo ya maji, ikoroge kwa mkono, usubiri dakika tano, kisha mwaga maji na samaki polepole. Kilichobaki chini ukianike na kukipima. Ukipata gramu 100, basi mchanga ni asilimia 20, na protini uliyoihesabia haipo. Onja pia: mukene yenye chumvi kali itakulazimisha kuondoa ile chumvi gramu 300. Na usivuke kilo 10 kwa kila kilo 100, la sivyo mayai yatanuka samaki.

Soya mbichi isitumike kabisa. Ina vizuizi vinavyozuia protini isimeng'enywe, na vinaisha kwa moto tu. Ikaange hadi ganda lipasuke na harufu ya njugu itoke, lakini isiungue. Mashudu ya pamba, yanayopatikana kwa urahisi kaskazini mwa nchi, siyapendekezi kwa kuku wa mayai: sumu yake ya asili, gosipoli, hugeuza kiini kuwa na rangi ya kijani kibichi chafu yai likikaa.

Mahindi yana shida nyingine ambayo watu hawaihusishi na maganda. Msimu unaovunwa mvua ikiendelea, mahindi huhifadhiwa yakiwa mabichi, ukungu unaingia, na sumu yake, aflatoksini, hushambulia ini. Sasa vitamini D lazima ipite kwenye ini ibadilishwe kabla haijaweza kumsaidia kuku kunyonya kalsiamu. Ini likiharibika, unaweza kuweka makombe bora kabisa na ganda likabaki laini. Kipimo cha nyumbani: tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji mengi, yarudishe juani. Na pumba zilizofanya madonge au zinazonuka uvundo, usizioshe wala kuzianika ili zitumike. Zitupe.

Kalsiamu ipi

Makombe ya konokono na kome wa ziwani, chokaa ya mifugo iliyosagwa kutoka mawe ya chokaa, na maganda ya mayai, vyote vitatu vina kalsiamu ya asilimia 36 hadi 38 vikiwa safi. Kwa hiyo usiangalie jina. Angalia usafi na ukubwa wa chembe. Mimi napendelea makombe mazima. Mzima unaona ni kombe, unaosha mchanga, unaanika, unatwanga kwenye kinu na kuchekecha mara mbili: chekecheo la wavu wa dirishani linaondoa unga, chekecheo la matundu mapana linazuia vipande vikubwa mno vyenye ncha. Unga uliopita wavu ndio unaouchanganya kwenye chakula. Vipande vilivyobaki katikati ndivyo vya kwenye chombo.

Ukinunua kilichosagwa tayari, kipime kwa siki. Weka kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwenye glasi kubwa, mimina siki taratibu hadi glasi ijae, acha hadi kesho yake. Chokaa na makombe hutoa povu jingi na kuyeyuka. Kinachobaki chini bila kuyeyuka ni mchanga na udongo. Ikibaki chembe chache, sawa. Likibaki tabaka unaloweza kulipima kwa ukucha, mrudishie muuzaji. Povu likiwa hafifu na la kujikokota, huenda ni jiwe lenye magnesi nyingi, lile linalotumiwa kurekebisha udongo wa shamba. Hilo huharisha kuku na kudhoofisha ganda lile lile ulilotaka kuliimarisha.

Chokaa ya ujenzi, ile iliyochomwa na kuzimwa kwa maji, isikaribie chombo cha chakula. Inaunguza mdomo na koo. Maduka ya Tororo na Kasese, ambako mawe ya chokaa yanachimbwa, huuza aina zote hizi, na magunia yanafanana. Taja kazi unapoomba: chokaa ya kulisha kuku.

Unga wa mifupa nao hutumiwa vibaya. Una kalsiamu, ndiyo, lakini unakuja na fosforasi nyingi, kama nusu ya kalsiamu yake. Fosforasi ikizidi, inazuia kalsiamu isitoke mifupani wakati ganda linapoihitaji. Kilo moja kwa mia inatosha. Anayejaza unga wa mifupa kutibu maganda laini anaongeza tatizo.

Maganda ya mayai ya jikoni yanafaa kama nyongeza. Yachemshe dakika 10 au yakaushe kwenye kikaango, kisha yavunje hadi yasitambulike, maana kuku akijifunza umbo na ladha ya yai ataanza kudonoa mayai kwenye kiota. Lakini usiyategemee peke yake. Ganda moja linarudisha gramu 2, na kuku ananyonya nusu; na mayai mengi umeshayauza na maganda yake.

Kokoto si kalsiamu. Vijiwe anavyookota uani vinamsaidia firigisi kusaga, basi. Kuku aliyefungiwa bandani awekewe vyote viwili, kila kimoja mahali pake.

Chombo na kiasi

Kata dumu la lita 5 ubavuni, utengeneze dirisha la upana wa kiganja, na ulining'inize chini ya paa, ukingo wake ukiwa usawa wa mgongo wa kuku. Likiwa chini watalichakura na kulijaza samadi. Likiwa nje mvua itaugandisha unga na hawatagusa tena.

Mtetea anayekula gramu 100 za chakula chenye asilimia 1 anapata gramu 1 ya kalsiamu. Zimebaki gramu 3, ambazo ni gramu 8 za makombe. Kuku 10 wanaotaga kila siku watamaliza gramu 80 kwa siku, kilo 2.4 kwa mwezi. Wa kienyeji watamaliza pungufu, kwa sababu wanataga mayai 12 hadi 15 kisha wanaatamia siku 21 na kulea. Wakati huo wote hawahitaji, na utaona chombo kinashuka polepole. Hii ndiyo sababu hasa ya kutenganisha: hakuna gunia linalojua nani ameanza kuatamia leo. Kuroiler na Sasso (kuku chotara) wakiwa kwenye mfululizo wa kutaga hula zaidi ya wa kienyeji, na wale wa kisasa wa mayai ndio wasiopaswa kukikuta chombo kitupu hata jioni moja.

Kipimo cha kujua kama mpango unafanya kazi hakihitaji maabara. Kusanya maganda ya mayai 10 yenye gramu 60 hivi, yaoshe ndani, yakaushe juani siku nzima, yapime pamoja kwenye mizani ya jikoni. Gramu 55 hadi 60 ni nzuri. Chini ya 50, kuna kitu hakiendi. Kwa mayai madogo ya kienyeji, ganda liwe kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa yai. Rudia kila mwezi uandike.

Uzito ukishuka, fuata mpangilio kabla ya kulaumu makombe. Kwanza pima wanakula kiasi gani. Kwenye joto kali kuku hula kidogo, na kule kuhema mdomo wazi kunatoa hewa ya kaboni mwilini inayohitajika kutengenezea ganda. Kivuli na maji ya baridi vinasaidia kuliko chokaa zaidi. Angalia chini ya chombo cha chakula: kama kuku wanachagua mahindi na kuacha unga, acha wakimalize kila siku kabla ya kuongeza. Angalia premiksi, imekaa dukani muda gani na juani au kivulini; vitamini D yake inapungua, na kuku wanaofungiwa bandani mchana kutwa hawana jua la kuifidia. Angalia umri: mtetea mzee anataga yai kubwa kwa kalsiamu ile ile, kwa hiyo ganda linatandazwa jembamba. Tembe anayeanza anaweza kutaga yai moja mbili bila ganda, na hilo linapita lenyewe.

Ganda lililokunjamana au kupinda, ute wa yai ukiwa kama maji, na kuku wanakohoa au mayai yamepungua ghafla kwa wote: huo ni ugonjwa, bronkaitisi ya kuku au mdondo, na hakuna makombe yatakayousaidia. Vipele vyeupe vya chaki juu ya ganda, kinyesi cheupe cha majimaji na hamu ndogo ya kula, hasa ukiwa unatumia chakula cha asilimia 4 na bado unachanganya chokaa ndani yake, ni dalili kwamba umepitiliza.

Mtetea aliyekuwa anataga vizuri akakaa chini ghafla, miguu haina nguvu lakini macho yana uhai na anakula akiwekewa, mara nyingi ameishiwa kalsiamu mifupani. Mtenge asikanyagwe, mpe chakula na maji karibu na mdomo, kijiko cha chai cha vipande vya makombe kila alasiri, na vitamini D kwenye maji kwa kipimo cha pakiti. Akiwahiwa, husimama ndani ya siku chache. Kama ni kijana wa wiki 8 hadi 20 ambaye hajawahi kutaga, mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma, usimjazie kalsiamu: hiyo ni dalili ya ugonjwa wa Marek, na anayetakiwa kumwona ni afisa mifugo wa kaunti ndogo.